Kanyagio la Pili

Ngriii.

Sauti hiyo, kali na fupi kama ya mdudu aliyebanwa na mlango, ilibaki masikioni mwa mwalimu miaka mingi baada ya kunyamazishwa. Ilitoka kwenye kengele ndogo iliyofungwa chini ya dashibodi ya gari la shule ya udereva. Gari lenyewe lilikuwa na makanyagio mawili ya breki: moja la mwanafunzi, jingine mbele ya kiti cha pembeni, la mwalimu. Kila mwalimu alipokanyaga lake, kengele ililia, ili mwanafunzi ajue kwamba hakusimama, amesimamishwa. Kazi ya kengele ilikuwa hiyo tu, kusema kweli kwa sauti mbaya.

Wanafunzi waliichukia. Walikuja vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, vifua mbele, wanaojua bei ya rimu za magari ambayo hawajawahi hata kuyaegemea, na kabla hawajafika kona ya kwanza kengele ikawatoa upepo. Wapo waliolia. Mama mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba mwanawe sasa anashtuka hata mtu akibonyeza kengele ya mlango. Baba mwingine akasema hakulipa ada ili bintiye apigiwe kengele kama mbuzi wa machungani. Basi mwenye shule, ambaye mali yake yote ya ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza moja na kalenda, na ambaye alipenda kuitwa Mkurugenzi, alichukua koleo siku moja, akajilaza chali kwenye sakafu ya gari, akaukata waya. Mwalimu ndiye aliyemshikia tochi.

Naye alifurahi, tusimsingizie huzuni ambayo hakuwa nayo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mchache wa salamu. Kabla ya kufundisha aliendesha lori la saruji, na kabla ya lori, gari la wagonjwa. Watoto hakujaliwa, watoto wa watu walimtosha, na siku nyingine walimzidi. Kengele ilikuwa ikimuumiza kichwa. Ilipokufa, gari likawa na utulivu, na ndani ya utulivu ule mguu wake ukajifunza kazi mpya.

Mguu ule ulikuwa mwepesi kama mkono wa mkunga. Uliona hatari kabla ya macho. Mwanafunzi akichelewa kukanyaga, na karibu wote huchelewa, mguu wa mwalimu ulikuwa umeshashuka, kidogo, taratibu, hata mwanafunzi naye alipokanyaga alihisi gari linatii unyayo wake mwenyewe. Hakuna aliyejua. Watoto walirudi nyumbani wakisimulia jinsi walivyosimama mbele ya basi bila kutoka jasho, na wazazi wakaambizana mitaani kwamba ile ndiyo shule isiyotisha watoto. Na mtihani nao ulikuwa wa kuzunguka koni, kurudi nyuma, kupanda kilima na kwenda barabara moja tupu nyuma ya ofisi ya leseni, mahali ambapo hata paka hakatizi. Wakafaulu.

Waliokaribia kuijua siri ile walikuwa mafundi wa gereji ambako gari lilipelekwa kutengenezwa. Wao waliona jambo la kuchekesha: mpira wa kanyagio la mwalimu ulikuwa unalika kila baada ya muda mfupi hadi chuma kinaonekana, na mpira wa kanyagio la wanafunzi ulikuwa mpya, bado una mistari yake. Wakambandika jina. Wakamwita Mguu wa Pili.

Mdomo wake ulikuwa habari nyingine kabisa. Mdomo ulipiga kelele kutoka asubuhi. Ulipigia kelele simu, ulipigia kelele muziki, ulipigia kelele kiwiko kinachotolewa dirishani ili wasichana wa kituo cha basi wakione. "Rudisha mkono ndani, hilo si dirisha la posta!" Vijana walimwigiza wakiwa peke yao, wakacheka mpaka mbavu ziwaume, na hakuna aliyemchukia. Kelele za mdomo hazikumuumiza mtu.

Kisha ikaja habari ya binti wa muuza vitambaa.

Alikuwa mwanafunzi wake, mchangamfu, mwenye kupenda magari madogo mekundu, na leseni yake haijatimiza mwezi. Aliingia na gari la mama yake kwenye ukuta wa zahanati. Yeye alivunjika mkono. Rafiki yake aliyeketi kando yake, aliyesoma naye darasa moja, hajasimama kwa miguu yake mpaka leo, na madaktari hawatoi ahadi. Watu walisema gari lilikosa breki. Askari wakalipima. Breki zilikuwa nzima.

Mwalimu alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Alikwenda akiwa ameshaandaa maneno makali, kwa sababu alikuwa na hakika msichana alikuwa anachezea simu. Lakini msichana alimtazama kwa macho makavu, akasema, "Nilikanyaga, Mwalimu. Nilikanyaga kama ninavyokanyaga siku zote. Halikusimama kama la shule."

Mwalimu aliyaweka machungwa juu ya kabati, akatoka. Alipita maduka, akapita kituo cha basi alichotakiwa kupandia, akaendelea kutembea. Kama la shule. Hasira ilimpanda kutoka magotini, na ubaya wake ni kwamba haikuwa na pa kutua. Ingetua kwa msichana, ingekuwa rahisi. Kwa mwalimu wa miaka yote ile, kusikia kwamba mtoto alikanyaga breki kwa imani, akiungojea mguu mwingine uje kumalizia kazi, na mguu wenyewe haupo!

Alifika ofisini, hakuketi. Alimwambia Mkurugenzi kwamba waya unaunganishwa leo hii. Mkurugenzi alimpa pole kwa ajali, akasema vijana wa siku hizi hawatulii, akasema ajali hupangwa na Mungu. Alipoona maneno hayo hayapiti, akasema la kweli: shule ya mtaa wa pili haina kengele, na wazazi wana miguu. Mwalimu alimjibu mengi, mengine si ya kuandikwa. Aliubamiza mlango hata kalenda ikadondoka.

Na wakati huo huo, kwenye orodha ya watakaofanya mtihani Alhamisi, jina la kwanza lilikuwa la mtoto wa kaka yake.

Kaka huyo alikuwa mdogo wake, ambaye mwalimu alimbeba mgongoni kabla ya yeye mwenyewe kujua kubeba vitabu. Alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake, ile ile iliyobadilisha mipira ya makanyagio. Mwanawe alizaliwa, kama mafundi walivyopenda kusema, akiwa na spana mkononi. Walimwita Pistoni tangu hajaota meno. Akiwa kitandani alisikia gari likipita nje, akakwambia ni la aina gani na silinda ipi imechoka. Kwa miaka miwili baba na mwana walikuwa wakiunganisha gari kutoka magari mawili yaliyopondeka, mbele ya moja na nyuma ya jingine, mbele buluu na nyuma kijani, na Pistoni mwenyewe alitoboa ekzosi ili lingurume. Lilinguruma kweli. Jirani mmoja alisema halihitaji honi, linajitangaza kama mgombea wa uchaguzi.

Gari hilo lilikuwa linamngojea. Akipata leseni Alhamisi, Ijumaa yuko barabarani peke yake, na viti vitatu vya marafiki vimeshagawanywa.

Mwalimu alikwenda kwa kaka yake Jumapili, wakati wa chakula cha mchana, akalisema mbele ya wote kwamba mtoto hayuko tayari. Kaka mtu aliweka kijiko chini, akacheka kwa mshangao. Hayuko tayari, Pistoni? Huyu anayebadilisha klachi huku anaimba? Wifi yake, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alisema shangazi wa namna hii hata siku ya harusi ya mtoto atajenga matuta ukumbini. Wakacheka wote. Pistoni naye alicheka, kwa adabu, kwa sababu alimpenda shangazi yake.

"Shangazi, si uko nami kila siku?" alisema. "Tangu nianze sijagusa hata chupa ya maji barabarani. Nimegusa?"

"Hujagusa."

"Basi?"

Alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini aliutazama uso ule, ulioanza kuota ndevu tatu za kujivunia, na kaka yake anampakulia mwanawe nyama ya pili kama mtu anayemvika taji, akaona kwamba hata akisema hawatamwamini. Wangesema ana kijicho. Wangesema kila mwalimu hujitia muhimu. Akala chakula kisicho na ladha. Kabla ya kuondoka alimwambia kaka yake jambo moja tu: "Jumanne njoo ukae kiti cha nyuma, umtazame mwanao." Kaka akasema atakuja, tena kwa furaha.

Jumanne asubuhi Mkurugenzi alikwenda ofisi ya leseni kupanga foleni ya watahiniwa. Mwalimu aliingia chini ya dashibodi, mwenyewe, mgongo ukilalamika. Ncha mbili za waya zilikuwa pale pale zilipokatwa. Alizikwangua kwa kisu, akazisokota, akazungushia utepe mweusi wa fundi umeme. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akashusha mguu.

Ngriii.

Kengele ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inangoja tu kuulizwa.

Kaka alikuja na ovaroli lake la kazini, mafuta kwenye kucha, akaketi nyuma akajinyoosha kama mtu aliyealikwa. Pistoni alirekebisha kioo, akafunga mkanda, akaondoa gari, na lazima isemwe kwamba aliliondoa vizuri. Gia zake zilikuwa nzuri. Alizibadilisha kama mtu anayekunja shuka, pindo kwa pindo, bila gari kujua. Baba mtu akatikisa kichwa kwa raha. "Unaona?" alimnong'oneza dada yake. "Unaona mkono huo?"

Waliingia barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mbele, msukuma mkokoteni aliyebeba mabomba alikuwa anaingia barabarani bila kugeuza shingo, kwa sababu mabomba yalikuwa yamemziba. Pistoni alimwona, hilo halina shaka. Alimwona akaendelea kuongea juu ya injini za dizeli, mguu wake ukiwa na imani yake yote kwamba kuna nafasi. Mguu wa shangazi ukashuka.

Ngriii.

Gari likatulia. Mkokoteni ukapita.

"Gari lenu lina waya uliochomoka," kaka mtu alisema kutoka nyuma. "Lileteni nitalitazama."

Shangazi alitazama mbele. Wakaendelea. Lori lililokuwa limeegeshwa likaanza kurudi nyuma bila taa. Ngriii. Muuguzi aliyevuka huku anatafuta kitu kwenye mkoba. Ngriii. Pistoni akaanza kukunja uso, akapapasa dashibodi kwa mkono mmoja, akaugonga ubavu wa redio. Walipofika geti la shule ya msingi, watoto walikuwa wanatoka, soksi zimeshuka, na mmoja aliyeshavuka akakumbuka rula yake aliyoidondosha katikati ya barabara, akairudia mbio. Safari hii kengele ililia ndefu, ndefu, haikomi, kwa sababu mguu haukuthubutu kuinuka mpaka mtoto alipoiokota rula, akaifuta kwenye sketi, akaenda zake.

Kaka mtu alikuwa amejiinua kutoka kiti cha nyuma, ameingiza kichwa katikati ya viti viwili, na macho yake yalikuwa chini, kwenye kiatu cha dada yake.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza aliyoshika usukani huu. Si unaibadilisha mipira wewe mwenyewe? Ulidhani inaliwa na panya?"

Alisema hivyo kwa ukali, kwa sababu alikuwa ameungojea wakati huo tangu hospitali, na kwa kitambo kidogo ulimi wake ulisikia utamu. Kisha akamtazama Pistoni.

Kijana alikuwa amevuta breki ya mkono. Akazima gari. Akafungua mkanda polepole, kama anafungua bandeji. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtoto na wa mzee kwa pamoja.

"Kwa hiyo miezi yote hii," alisema, "mimi nilikuwa abiria."

Akashuka, akaacha mlango wazi, akatembea kando ya ukuta wa shule bila kugeuka. Watoto wa soksi zilizoshuka walimpisha.

Ndipo ndugu wawili waligombana barabarani, watu wazima, mmoja na ovaroli na mwingine na funguo mkononi. Kaka alisema amemvua nguo mtoto mbele ya baba yake. Alisema kama ana kisa na shule yake akamalizane na shule, asimchinjie mwanawe. Dada naye akapaza sauti, akamwuliza kama angependa amvue nguo au amvike sanda, akamwambia kuna msichana hospitali ana miaka kumi na minane na miguu yake imekuwa ya kubebwa, nenda kamwulize yeye kuhusu aibu. Msukuma mkokoteni, ambaye alikuwa amewafikia, alisimamisha mabomba yake akasikiliza mpaka akatosheka. Mwisho kaka akaondoka kwa miguu, upande ule ule alioelekea mwanawe.

Mwalimu alidhani atajisikia mwepesi. Aliendesha kurudi shuleni peke yake na hakuna wepesi uliokuja. Alikuwa amemkasirikia Mkurugenzi, amewakasirikia wazazi, amemkasirikia kaka yake aliyecheka na kijiko mkononi. Katika hesabu yote hiyo hakuwa amelipangia nafasi neno lile, abiria.

Mkurugenzi aliisikia kengele kabla ya kusikia maelezo. Alikuwa mlangoni gari lilipoingia uani likasimama, na mwalimu akahamia kiti chake cha pembeni kwa makusudi, akakanyaga. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema anamheshimu kama dada yake, alisema wamekula chumvi nyingi pamoja, alisema wazazi wawili wa watahiniwa wa Alhamisi wameketi ndani na wasiisikie sauti hiyo hata mara moja tena. Huku anasema, koleo lilikuwa tayari mkononi. Alimwambia achague, kengele au kazi. Mwalimu aliuweka ufunguo juu ya boneti, ukateleza, ukaanguka mchangani, naye hakuinama kuuokota.

Alhamisi Pistoni hakutokea kwenye mtihani.

Jumamosi mwalimu alikwenda gereji. Alijiambia anakwenda kuchukua jeki yake aliyoiazimisha, ila jeki alikuwa nayo nyumbani. Kaka yake alikuwa kwenye benchi la kazi, amempa mgongo, anasaga kitu ambacho hakikuhitaji kusagwa. Hakuitikia salamu. Lile gari la rangi mbili lilikuwa limeinuliwa, na chini yake vilitokeza viatu viwili tu.

Alisimama karibu na viatu. Akaviambia kwamba amekuja.

"Nimekusikia," sauti ilitoka chini ya gari. Spana iligonga chuma, ikanyamaza. Halafu kijana akauliza, bila kutoka, "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa na majibu. Alimweleza habari ya waya, koleo, mama aliyelalamika, baba aliyelalamika, Mkurugenzi na shule ya mtaa wa pili. Alieleza kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki, kila kipande chake. Viatu havikusogea mpaka alipomaliza.

"Sawa, waya ulikatwa," kijana alisema. "Mdomo je?"

Mwalimu hakuelewa, au alielewa mapema mno.

"Unapigia kelele simu, Shangazi. Unapigia kelele muziki. Kiwiko changu umekipigia kelele mpaka nimekiota usiku. Breki hukunitajia hata siku moja. Ulikuwa unakanyaga tu, unanyamaza, unatazama mbele. Mimi nashuka najisifu, wewe unanitazama najisifu."

Kwenye benchi, mashine ya kusaga ilizimwa.

Mwanamke yule hakuwahi kukosa la kusema tangu enzi za lori la saruji. Angeweza kusema kwamba alikuwa anamlinda. Alijaribu neno hilo kimoyomoyo, likamnukia vibaya. Kukanyaga kulikuwa rahisi. Kumwambia mtoto anayekupenda kwamba amekosea, hapa, na hapa tena, na tena, mpaka akuchukie kidogo, hiyo ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya, na mguu ulimpokonya akauachia.

Kijana aliteleza kutoka chini ya gari juu ya kibao chake cha magurudumu. Alikuwa na masizi puani na macho mekundu. Alisema gari la shule hataki tena hata kuliona. Kama shangazi anataka kumfundisha, amfundishie kwenye hili.

Mwalimu alichungulia ndani kupitia dirishani. Upande wa pili, mahali ambapo mguu wake ungekaa, palikuwa na zulia la mpira na bati.

"Vibao vya mwanafunzi nimeshavifunga, mbele na nyuma," kaka yake alisema, akiwa bado amewapa mgongo. Kisha akageuka, akamletea ufunguo, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Uso wake ulikuwa haujasamehe. "Akigonga mtu, Dada, mimi na wewe basi."

Walitoka. Gari lilinguruma hata wakawa hawasikilizani, na kwa mara ya kwanza shangazi hakusema lolote juu ya ekzosi. Pistoni aliendesha kwa hasira iliyonyooka, meno yamebana, usukani ameukaba. Barabara ya nyuma ya karakana za mbao walimaliza salama. Mara mbili alichelewa kusimama, mara mbili akasimama kwa kuruka, vichwa vyao vikaenda mbele vikarudi, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha wakaingia barabara kubwa, kijana akapanda gia ya tatu, akapanda ya nne, zile gia zake nzuri.

Mbele yao, kwenye kivuko, wanaume wawili walikuwa wanavusha kabati la nguo. Wa kwanza alitembea kinyumenyume, bila kulitazama gari, anaelekezwa na mwenzake. Na huyo mwenzake, aliyekuwa nyuma ya kabati, haonekani ila vidole.

Mguu wa mwalimu ulishuka. Ulishuka kama ulivyoshuka miaka yote, kabla yake, na ukapiga zulia la mpira, ukapiga bati lililo chini ya zulia, na hapakuwa na kitu. Gari liliendelea. Ukapiga tena. Hasira yote aliyokuwa nayo, ya koleo na ya kijiko na ya kalenda, ya msichana wa hospitali na ya mguu wake mwenyewe, ilipanda mara moja ikajaa kooni, na mdomo ukafunguka kwa ukelele uleule uliopigia dirisha na simu. Akaona vidole vya mpwa wake kwenye usukani, vyeupe kwa kukazwa. Akajua kwamba kijana huyu, akipigiwa kelele sasa, atakanyaga chochote kilicho chini ya kiatu chake. Akaumeza ukelele wote, ukamuunguza ukishuka. Na kilichobaki akakisema kwa sauti ndogo mno, hata kijana, alipoona midomo yake inatikisika, akalazimika kuinua mguu kwenye mafuta, injini ishushe mngurumo, apate kumsikia shangazi yake anasema nini.

"Punguza, baba."